Mji Uliovuka Ukuta Wake

Ukuta wa kwanza ulichomoza nyuma ya jiko la Monghi siku ya Jumanne. Kufikia Ijumaa ulikuwa umemfika magotini: matofali mapya, yenye unyevunyevu, yamekaa safu juu ya safu kana kwamba yamejengwa na fundi asiyeonekana. Monghi hakumwambia mtu. Alikisogeza kitanda cha mama mkwe wake kwenye kivuli cha ukuta ule, kivuli chenyewe upana wa shubiri mbili, akaenda zake kwenye majaruba ya chumvi kama kawaida. Jumapili ukuta mwingine ukatokea kwa jirani. Jumatatu zilikuwa kuta nne, na hapo siri haikufichika tena, kwa sababu walinzi wa mji wa Sonvara hukaa juu ya ngome na darubini.

Ndipo alipoitwa Kankuben Chavda.

Jina lake hasa lilikuwa Kanku, lakini katika nchi ya Kutch mwanamke mtu mzima hatajwi jina tupu. Hutiwa "ben" mwishoni, yaani dada, hata na mtu anayemchukia. Alikuwa na miaka hamsini na minane, mwembamba, magoti yamekwisha kwa kuishi mashimoni. Yeye ndiye aliyekuwa msoma udongo mkuu wa mji. Miaka kumi na mmoja nyuma, Sonvara ilipokuwa bado kichuguu cha vumbi na vigae katikati ya jangwa la chumvi, ni yeye aliyechimba, akapima, akachora mstari wa mahali ukuta wa kale ulipopita. Mamlaka ya Miji ya Kale iliuchukua mstari wake, ikamwaga ndani yake hamira ya udongo, vijidudu vinavyojenga matofali, na mji ukaota.

Virendra Nanavati, kamishna wa Mamlaka, alimsubiri kwenye lango la mashariki. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alimpa mkono kushuka ngazi, akamwonyesha kule nje ambako vibanda vya plastiki na magunia vilijipanga kando ya mfereji wa chumvi, na kuta nne nyekundu zikisimama katikati yake.

"Hamira imetoroka, Kankuben."

"Hamira haina miguu, Saheb."

"Basi imebebwa. Nenda ukachimbe. Kama chini ya kambi ile kuna mji wa kale, sheria inaulinda, nami nitawaandikisha watu wake kesho. Kama hakuna, ule ni uvimbe, na uvimbe hukatwa. Maboza ya siki yako tayari."

Siki ndilo jina ambalo watu waliyapa yale maji makali yanayoua hamira. Tofali likimwagiwa hugeuka tope ndani ya nusu saa, na ardhi ile haioteshi tena kitu kwa miaka mitano.

"Na watu?" Kankuben aliuliza.

"Watu watasogea. Wamezoea kusogea."

Alilisema bila ubaya, na hilo ndilo lililomkaa Kankuben rohoni alipokuwa akivuka lango. Ndani ya ukuta hewa ilikuwa ya ubaridi wa mtungi. Hatua kumi nje, joto lilimpiga usoni kama mvuke wa sufuria iliyofunuliwa. Kipimo cha mkononi kilisoma nyuzi hamsini na moja, na ilikuwa bado saa tatu asubuhi.

*

Monghi alimpokea kwa birika la chai na uso uliofungwa. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, mabega mapana, nyayo zimekauka na kupasuka kwa chumvi hata hazisikii tena jiwe wala moto.

"Karibu, Kankuben. Tangu mji uote hujawahi kufika huku."

"Ni kweli, Monghi."

"Na mimi nina ben yangu. Huku nje pia tunazo."

Kankuben akainamisha kichwa. "Nisamehe, Monghiben."

Alichimba siku tatu. Wanawake wa kambi walimsaidia kubeba mchanga, wakimtazama mikono kama watu wanaomtazama daktari anapomkagua mgonjwa wao. Kazi yenyewe haikuwa na siri. Hamira ya udongo ni viumbe hai vidogo kuliko vumbi la unga. Hula tope na chokaa ya magamba ya kombe, hutoa tofali. Lakini havitoi ovyo. Waliovitengeneza waliviumba vifuate alama za makazi ya watu: majivu, mafuta, mifupa, chumvichumvi ya mikojo iliyonywewa na ardhi. Palipoishi watu, hamira hujenga. Ndiyo maana, miji ya pwani ilipozama na nyumba za saruji za bara zilipogeuka tanuri, serikali ilikumbuka kwamba palikuwa na watu walioishi katika nchi hii miaka elfu nne na nusu iliyopita, wakijenga kwa matofali yanayopumua, wakichimba mahodhi, bila waya hata mmoja wa umeme. Udongo ulikuwa bado unawakumbuka. Ilibaki kuulisha tu.

Siku ya tatu Kankuben alitoka katika shimo la mwisho akakaa ukingoni.

"Umekuta nini?" Monghi aliuliza.

"Tope la bahari. Chini yake tope la bahari. Hakuna kigae, hakuna bangili, hakuna jivu la kale. Watu wa Sonvara ya zamani hawakuwahi kulala hapa hata siku moja."

"Sasa hamira imefuata nini?"

"Ninyi." Alimwonyesha kiganja chenye udongo mweusi. "Hili ni jivu la jiko lako. Haya ni maji unayooshea vyombo. Miaka minane mnamwaga hapa. Hamira haijui kuhesabu miaka, Monghiben. Imeonja, ikaona hapa wanaishi watu, ikaanza kazi."

Monghi alicheka kwa sauti, kicheko cha kushtukia, kisha kikakatika. "Kumbe mdudu ametuona kabla ya kamishna."

Aliingia kibandani akatoka na kapu lililofunikwa kanga kuukuu. Akalifunua. Ndani mlijaa vigae vya kale, vyekundu vyenye michoro myeusi, vipande vya bangili za kombe, hata jiwe moja la kupimia uzito. Watoto huviokota chini ya ngome mvua ikinyesha, alieleza. Hakuna asiyekuwa navyo.

"Vitie shimoni," Monghi alisema. "Wewe ndiye unayejua vikae vipi. Halafu andika ndiyo. Neno moja tu."

Kankuben aliuchukua mkono wa kapu. Hakujifanya hakushawishika. Alijua hasa namna ya kuvipanga, tabaka kwa tabaka, hata mwanafunzi wake mwenyewe asingegundua. Alimwona yule mama mkwe amelala chali kando ya ukuta, kitambaa chenye maji kifuani. Kiangazi kilichopita kambi ilizika watu kumi na tisa, wote kwa joto, wote mchana. Neno moja tu.

"Nikivizika hivi," alisema polepole, "nitakuwa nimekubali kwamba mtu hana haki ya kivuli mpaka awe amelala juu ya wafu wa kale. Kuna kambi nyingine kaskazini, ya wafuga ngamia. Wao wana kapu?"

"Mimi sikuulizi habari za kaskazini."

"Najua."

"Wewe ukweli wako una kivuli, Kankuben? Nimlaze mama chini yake?"

Kankuben akaliweka kapu chini, akajifuta mikono, akaondoka akiwa na aibu ambayo hakuijua ni ya kukataa au ya kukaribia kukubali. Nyuma yake wanawake hawakumtukana. Walirudi tu kwenye vyungu vyao.

*

Mkutano ulifanyika kwenye ngazi za hodhi kubwa, kama ilivyokuwa desturi ya Sonvara. Wajumbe saba wa Mamlaka walikaa ngazi ya chini karibu na maji. Wakazi, waliotaka, walikaa juu. Walikuja wengi kuliko siku zote, kwa kuwa habari ya uvimbe ilikuwa imewatia hofu. Wavuna chumvi wa kambi hawakuwa wakazi, wakaruhusiwa wanne tu, wasimame. Monghi alikuwa mmojawapo.

Kankuben alisoma kwa sauti kavu. "Chini ya kambi ya mashariki hakuna mji wa kale. Nimechimba mashimo tisa. Hakuna."

Monghi alitema mate kando. Nanavati akafunga faili lake kwa utaratibu. "Tunakushukuru, Kankuben. Basi..."

"Sijamaliza, Saheb."

Akaifunua karatasi ya pili. Ilikuwa imepauka kwenye mikunjo. Ilikaa miaka kumi katika sanduku lake chini ya shali za marehemu mama yake.

"Mji huu tulioupandisha kutoka katika udongo ni Sonvara ya miaka mia ya kwanza. Sonvara iliishi miaka mia saba. Ilianza kama kijiji cha wachoma kombe. Wakaja wafinyanzi, wakajenga nje ya kijiji. Wakaja wachonga shanga, wakajenga nje ya wafinyanzi. Wote waliokuja walikuta ukuta, na mara tatu, nahesabu mara tatu katika mashimo yangu, wenyeji waliubomoa ukuta wao wenyewe wakausogeza mbele. Magharibi ya ngome hii kuna mtaa mzima. Kusini upo mwingine. Yapo pia mahodhi mawili, moja kubwa kuliko hili mnalokalia, na yote mawili yalichimbwa na watu waliokuja mwisho."

Minong'ono ilipanda ngazi kama maji.

"Nilipoyapeleka haya, niliambiwa niyaite mabanda ya zama za anguko, yasichafue mpango. Sikulazimishwa kwa bunduki. Nilitaka kuuona mji ukiota kabla sijafa, nikayaita mabanda. Kalamu ilikuwa yangu." Akaikunja ile karatasi. "Mstari mnaoulinda ni uongo, na aliyeuchora ni mimi. Hamira ya mashariki haikuugua. Imefanya kitu ambacho mji hufanya. Mji haukui kwa sababu mkubwa kachora mstari, unakua kwa sababu watu wamekuja na kiu, wakachimba."

Mtu mmoja juu kabisa alipiga makofi, akaona yuko peke yake, akaacha.

Nanavati alisimama. Na alipojibu, Kankuben alimwonea huruma, kwa sababu hakuwa akisema upuuzi. "Hodhi hili linawatosha watu elfu kumi na mbili. Nimelihesabu kila mwezi kwa miaka minane. Ukiongeza elfu mbili, mwezi wa tano ngazi ya mwisho itakuwa kavu. Hapo sitakuwa na wa ndani wala wa nje, nitakuwa na maiti. Mahodhi yako yako chini ya mchanga, Kankuben. Maji ya kwenye ramani hayanyweki."

"Tuyachimbe."

"Kwa mikono ya nani?"

"Wale," Kankuben akasema, akiwaonyesha Monghi na wenzake kwa kidole. "Wanachimba mifereji tangu wana miaka saba. Mnawauliza kama wana vigae. Hamjawauliza wana nini mikononi."

Wajumbe walipiga kura. Mikono sita ilinyooka kukubali siki, wa saba ukabaki pajani. Taarifa ya ziada ikapokelewa, ikawekwa kwenye kumbukumbu. Siki ingemwagwa Alhamisi asubuhi.

*

Jumatano adhuhuri Kankuben alikwenda kwenye bohari. Hakujua anatafuta nini. Alitaka tu kuitazama siki kwa macho. Mapipa yalikuwa yamepangwa kivulini, ya bluu, na ubavuni mwa kila moja palibandikwa kanuni za matumizi kwa maandishi madogo. Akatoa miwani yake. Alikuwa mtu wa kusoma kila kitu.

Kanuni ya kumi na mbili ilisema siki isimwagwe ndani ya hatua mia mbili za mahali anapolala mkazi aliyeandikishwa.

Akaisoma tena. Haikusema nyumba. Haikusema ndani ya ukuta. Ilisema anapolala.

Nusu saa baadaye watu wa mtaa wa wafuma nguo walimwona msoma udongo mkuu akishuka njiani na kitanda cha kamba kichwani, mto umefungwa juu yake kwa kilemba. Lavji, kinyozi, alitoka na wembe mkononi, mteja amebaki na povu shavu moja.

"Kankuben! Unahama?"

"Nakwenda kulala."

"Saa saba hii? Wapi?"

Akamweleza, bila kusimama, maana kitanda kilikuwa kizito. Lavji alimsindikiza mpaka kona akisikiliza, halafu akarudi. Kankuben hakumlaumu.

Kambini Monghi alimwacha akitue kitanda mwenyewe, amemkunjia mikono. Lakini alipoisikia ile kanuni, alikaa chini kabisa, mchangani, akaanza kuchora kwa kidole. Kambi ilifuata mfereji kwa urefu wa hatua elfu mbili. Kitanda kimoja kinalinda mia mbili upande huu na mia mbili upande ule.

"Vitano," alisema.

"Ninacho kimoja."

"Na sisi wote elfu mbili tukilala hapa, hatuhesabiwi hata kitanda nusu." Akautazama mchoro wake. "Hii karatasi yao ina adabu kweli."

Jioni ile, jua likiwa bado halijazama, alikuja Zubeda Khatri, mwalimu mstaafu mwenye pumu, na kitanda chake kikibebwa na mkokoteni wa maji. Alisema amewafundisha watoto wa Sonvara miaka sita kwamba mji ni watu, na sasa ameona haya. Nyuma yake walikuja mume na mke vijana, Hamir na Rajvi, walioandikishwa mwaka jana tu baada ya kusubiri miaka mitano. Rajvi alikuwa amelia njiani. Hakuna aliyemwuliza, lakini alieleza mwenyewe: "Mama ananiambia jina langu litafutwa kwenye rejista. Nikamwambia nilikuwa nje jana tu, mama. Nakumbuka."

Kwa kuwa walikuwa wameandikishwa wote wawili, Hamir alikwenda upande mmoja na Rajvi mwingine, kila mtu na kitanda chake. Vinne. Kilibaki kimoja.

Kulipopambazuka, vilikuwa bado vinne.

*

Maboza matatu yalitoka lango la mashariki saa kumi na mbili na nusu. Nanavati alitembea mbele yake kwa miguu, kofia mkononi. Juu ya ukuta wakazi walijazana. Wengine walipiga kelele wakimtaka Kankuben arudi, wengine wakimtukana kwamba anawagawia watu maji yasiyo yake. Na mmoja alirusha kiatu, kikaanguka njiani, hakuna aliyekiokota.

"Upande gani uachwe?" Zubeda aliuliza, akivuta pumzi kwa shida. "Lazima tuamue sasa. Tukijipanga katikati tu, tutawaachia kipande kila upande."

Kankuben alifungua kinywa. Yeye ndiye aliyezoea kuchora mistari. Alijua wote wanamngoja aseme. Akakifunga. Hakutaka kuchora mstari mwingine.

"Mwachieni kamishna upande wangu," Monghi alisema.

"Monghiben..."

"Nyumba arobaini. Wazee watatu tu, na wote wanabebeka. Upande wa pili kuna wajawazito na kuna yule aliyevunjika nyonga. Uacheni wangu." Akageuka akapiga kelele majina, na watu wakaanza kutoka na magunia, vyungu, mbuzi. Yeye mwenyewe alimbeba mama mkwe wake mgongoni. Kuta nyuma ya jiko lake zilikuwa zimefika shingoni sasa. Alizipita bila kuzitazama.

Nanavati alisimama mbele ya kitanda cha Kankuben. Alikuwa hajalala, na ilionekana.

"Hii ni hila ya karani."

"Ni kanuni yenu, Saheb. Mimi nimelala tu."

"Najua unaniona mkatili."

"Hapana. Nakuona mtu anayehesabu vizuri ndani ya mstari mbovu. Nami ndiye niliyekupa mstari."

Kamishna alitazama mfereji, vitanda vinne na watu juu yake, mwalimu akikohoa. Kisha akainua mkono, akaelekeza maboza mashariki, kwenye zile hatua mia nne zisizo na kitanda.

Siki haikuunguruma wala kutoa moshi. Ilinyunyiza kama mvua. Kuta zilisimama kwa dakika chache kama ambazo hazijasikia, halafu zikalegea mabegani, zikaketi, zikawa tope jekundu linalotiririka mferejini. Ukuta wa Monghi ulichelewa kuanguka. Ulikuwa mnene kuliko nyingine. Watu wa kambi waliangalia bila kulia, na juu ya ngome kelele zikapungua moja moja mpaka pakawa kimya, kwa sababu kusema kambi iondolewe ni jambo jingine na kuitazama nyumba ikiyeyuka mbele ya mwenyewe ni jambo jingine.

"Kesho nitafuta majina yenu manne katika rejista," Nanavati alisema. Sauti yake ilikuwa chini sana. "Keshokutwa maboza yatarudi kumaliza."

"Futa," Kankuben alimwambia. "Lakini andika sababu mbele ya kila jina. Andika kwamba tulilala."

Aliyafuta kweli, alikuwa mtu wa neno lake. Alipomaliza kulifuta la Rajvi, karani wake alimgusa bega, akamwonyesha dirishani. Lavji, kinyozi, alikuwa akitoka lango la mashariki na kitanda kichwani. Nyuma yake alikuwepo yule mteja wake. Nyuma ya mteja palikuwa na msururu, si mrefu, watu kumi na mmoja, wengine wakitetemeka kwa hofu wazi, mmoja akirudi nyuma mara mbili kabla ya kutoka moja kwa moja. Jumamosi maboza yalipokuja yalikuta vitanda vipya kumi na vitatu. Ijumaa ya pili yake vilikuwa thelathini na kimoja. Nanavati alifuta na kufuta, mpaka mjumbe yule ambaye mkono wake ulibaki pajani alipomwuliza, mbele ya wenzake, hodhi la mji usio na wakazi atamlindia nani. Maboza yakarudishwa bohari. Hakuna aliyetangaza kushindwa. Ilitangazwa tu kwamba mgao wa maji utapungua kwa robo mpaka hodhi la kusini lipatikane, na kwamba wachimbaji wanatakiwa.

Wengi ndani ya ukuta hawakusamehe ile robo. Kankuben alipopita kisimani waligeuza migongo, na jina lake halikurudishwa kwenye rejista, wala hakuomba.

*

Zile hatua mia nne za mashariki zilibaki zimekufa. Hamira haikuzigusa. Wataalamu walisema miaka mitano, na Monghi akasema yeye hana miaka mitano, mama mkwe wake ndio kabisa. Walichimba tope kutoka mbali, wakalikanyaga kwa miguu pamoja na makapi, wakatengeneza kalibu za mbao, wakaanza kufyatua matofali kwa mikono kama ambavyo binadamu yeyote amewahi kufanya.

Kankuben alikuja asubuhi ya kwanza akakunja sari, akaingia topeni. Maisha yake yote alikuwa amepima matofali ya wengine, akayachora, akayapa namba. Hakuwahi kufyatua hata moja. Alijaza kalibu, akaipigapiga, akaiinua. Kitu kilichobaki chini kilikuwa kimevimba upande mmoja na kuchanika upande wa pili.

Wanawake waliinama kukitazama. Monghi alizunguka mara moja, mikono kiunoni.

"Hili ni tofali au ni mkate?"

"Nitalivunja nifyatue jingine."

"Acha. Jua lilikaushe." Monghi alikuwa amekwishapinda mgongo juu ya kalibu yake, tope likimfika viwikoni. "Litakwenda safu ya chini, upande wa nje, watu wote walione. Siku moja atakuja msoma udongo mwingine na vitabu vyake, alichimbue hilo, aumie kichwa."

Kankuben akachota tope jingine. Jua lilikuwa limeshapanda, na hapakuwa na kivuli popote pale bado, lakini mstari wa kwanza wa matofali ulikuwa unakauka, na wanawake wawili walikuwa wamekwisha kuanza kubishana mlango ukae upande gani.